Sekunde Nane za Mark X

Kuna namba ambayo vijana wa rika langu hapa Kimara wanaijua kuliko namba zao za mtihani wa kidato cha nne: sekunde nane. Ndivyo Toyota Mark X ya lita mbili na nusu inavyosifiwa. Ikiwa imesimama, ukaikanyagia mafuta mpaka mwisho, baada ya sekunde nane hivi mshale uko kwenye 100. Wanaitaja waosha magari wa pale Korogwe, wanaitaja madalali, wanaitaja watu ambao leseni hawana na gari hawana. Wanaitaja wenzangu tuliomaliza nao shahada ya kwanza, ambao ajira ikitoka tu, fomu ya mkopo inajazwa kabla mshahara wa pili haujaingia. Crown Athlete ina namba yake na Subaru Legacy ina yake, lakini mtaani kwetu Mark X ndiyo kipimo. Magari mengine husemwa tu kwamba yanaikaribia au yanaipita.

Nabishana na namba hiyo. Sisemi ni ya uongo. Watengenezaji wa Japani kwa kawaida hawaiandiki kwenye vitabu vyao vya mauzo, lakini ukiangalia gari lenyewe utaiamini: injini ya V6, nguvu za farasi 203 kwenye toleo lililoanza 2009, mwili wa kama kilo 1,500 bila abiria. Ugomvi wangu ni kwamba tumezoea kuisoma tukiwa tumekaa kwenye kiti kimoja tu, cha dereva. Mimi huisoma nikiwa nimesimama ukingoni mwa Barabara ya Morogoro, Temboni, nasubiri kuvuka. Kutoka hapo inasomeka vingine kabisa.

Kitabu cha fizikia kinaliita jambo hili mchapuko. Kijiweni hakuna anayesema mchapuko. Kijiweni gari linachanganya, linachomoka, lina pumzi. Nimeishi na maneno haya tangu nikiwa mdogo na yananifurahisha, ila nimegundua kitu: tuna maneno matamu kadhaa ya gari kuondoka, na kwa gari kusimama tuna karibu neno moja tu, kufeli. Breki hutajwa zikifeli. Sijawahi kusikia tangazo la dalali likisema gari hili linasimama vizuri. Matangazo yote ni yale yale: Mark X, namba D, injini haijaguswa, AC kama friji, inachanganya balaa, maongezi yapo.

Tuanze na sheria. Kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kila anayeendesha anajua, maana trafiki na tochi yake wamemfundisha kwa shilingi 30,000 kila somo. Sasa gawanya zile sekunde nane sawasawa. Gari halisi huchanganya zaidi mwanzoni kuliko mwishoni, lakini kwa hesabu ya haraka haraka inatosha: 50 utaifikia kwenye sekunde ya nne. Sekunde nne zinazobaki, yaani nusu nzima ya sifa ya gari, ni kosa la barabarani. Mtu akijisifia sekunde nane hapa Kimara, nusu ya anachokisifia hana mahali pa kukifanya isipokuwa pale ambapo hatakiwi kukifanya. Ni sawa na kusifia sabufa kwa kiwango cha sauti ambacho ukikifikia mwenyekiti wa mtaa anakuja kugonga mlango.

Nusu ya kwanza, iliyo halali, inatupa nini? Nimeikokotoa, kwa sababu nasoma shahada ya umahiri ya takwimu na kukokotoa ndiyo starehe yangu ya bei nafuu. Chukua Mark X inayofika 50 kwa sekunde nne, na chukua Toyota IST, ile ndogo inayochekwa, tuseme inafika 50 kwa sekunde sita. Zote zikishafika 50 zinakwenda sawa. Tofauti ya muda inayobaki kati yao kwa kila kuondoka ni sekunde moja. Asubuhi, kutoka Kimara Mwisho mpaka Ubungo, ukisimama na kuondoka mara ishirini, na kila mara mbele yako pawe peupe (kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu niijue foleni hii), utakuwa umeokoa sekunde ishirini. Sekunde ishirini hazitoshi kununua vocha dirishani. Na kuzipata inabidi ukanyage mafuta mpaka mwisho mara ishirini, kwa petroli ambayo wote tunajua bei yake.

Kwa hiyo dereva hapati muda. Anachopata ni kule kusukumwa mgongo kwenye kiti, na sitaki kujifanya sikujui. Nimepanda. Mtoto wa baba mkubwa, ambaye ni kaka yangu kwa kila hali, alinunua Mark X yake mwaka juzi, nyeusi, namba D, na Jumapili moja alinipakia kutoka Mbezi kurudi Kimara. Barabara ilikuwa nyeupe. Akaniambia, "Mdogo wangu, kaa vizuri," halafu akakanyaga. Tumbo lilibaki Kwa Msuguri. Nilicheka kwa sauti. Ni raha, na anayesema si raha hajapanda. Raha hiyo ina gharama, na anayeilipa yuko nje ya gari.

Barabara ile ilikuwa nyeupe kwa sababu ni pana. Mwaka 2017 nyumba za kutoka Kimara kwenda Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi. Hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Kwanza ilipita rangi nyekundu ukutani, herufi X, halafu yakapita matingatinga. (Ndiyo maana kwa wenyeji wa huku jina la gari hili lina ukakasi kidogo. X kwetu ina historia.) Baada ya hapo ikajengwa barabara ya njia nane kutoka Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2. Mimi si mpinzani wa barabara hiyo. Mgonjwa anafika Muhimbili mapema zaidi, na nyanya za Morogoro hazioziani njiani. Lakini njia nane za kupita ni njia nane za kuvuka, na watu hawakuhama na nyumba zao zote. Shule ipo upande mmoja, soko upande mwingine, msikiti na kanisa vivyo hivyo.

Chukua njia nne za upande mmoja tu. Kila moja ina upana wa kama mita tatu na nusu, kwa hiyo ni mita 14. Wahandisi wa taa za barabarani huchukulia kuwa mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Kuvuka mita 14 kunachukua karibu sekunde 12. Hapo ndipo zile sekunde nane zinapoingia. Mark X iliyosimama kabisa pembeni, dereva anamalizia kununua maji, ikiondoka kwa nguvu zake zote wakati mguu wako wa kwanza unagusa lami, kwenye sekunde ya nane imeshafika 100 na imekula mita 111. Ikiendelea na mwendo huo, kwenye sekunde ya 12, wewe ukiwa unamalizia njia ya nne, imeshatembea mita 220 na ushee. Rudia sentensi hiyo kichwani. Gari ambalo lilikuwa limesimama mita 200 kutoka ulipo, umbali wa viwanja viwili vya mpira, linaweza kukukuta kabla hujamaliza kuvuka upande mmoja. IST ile ile inayochekwa, ikikanyagwa kwa hasira zote, ndani ya muda huo inakuwa imefika mita 167 hivi. Tofauti ni mita 55. Hizo mita 55 ndizo kijiwe kinazilipia.

Mama mkubwa huvuka hapo kila alfajiri na ndoo ya vitumbua kichwani. Nilimpima kwa simu siku moja, bila kumwambia: sekunde 17 kwa upande mmoja. Baadaye nilimwamkia, tukakaa, nikamuuliza huwa anaangalia nini kabla ya kuingia barabarani. Alinijibu kama mtu anayeelezea kukanda unga. Alisema gari linalokuja halimpi shida, analiona linakuja, analiacha lipite. "Ninaloliogopa mwanangu ni lile lililosimama." Hakuwahi kusoma fizikia ya mchapuko, lakini hakuna aliyewahi kunieleza vizuri zaidi kwa nini gari linalochanganya ni hatari ya aina yake. Sisi tukivuka tunakisia umbali, tunalinganisha na miguu yetu, basi. Gari lenye mwendo mmoja unaweza kulizoea. Gari linaloongeza mwendo linabadilisha swali ukiwa katikati ya kujibu.

Kwa watoto ni mbaya zaidi. John Wann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Royal Holloway, London, waliwapima watoto wa shule ya msingi wanavyoona mwendo wa gari linalowakaribia, na matokeo yakachapishwa 2011. Magari yakizidi kilomita 32 kwa saa, watoto hawakuweza tena kuhukumu mwendo huo kwa uhakika. Sababu haikuwa utundu. Picha ya gari kwenye jicho inapanuka polepole mno kwa macho na ubongo wao kuikamata, na kadiri gari linavyokwenda kasi wanaliona kama halijongei. Mark X inazipita kilomita 32 kabla ya sekunde ya tatu.

Kuna hesabu nyingine ambayo nilipoiweka juu ya sekunde nane nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai. Mtafiti wa Marekani, Brian Tefft, mwaka 2011 alikokotoa uwezekano wa mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari, kulingana na mwendo wa gari hilo. Kwenye kilomita 37 kwa saa, hatari ya kufa ni asilimia 10. Kwenye 68, ni asilimia 50. Kwenye 93, ni asilimia 90. Takwimu hizo ni za Marekani, zenye gari la wagonjwa linalofika, kwa hiyo sidhani kama kwetu zinapungua. Sasa zihamishie kwenye gari la kaka: 37 ni sekunde ya tatu, 68 ni sekunde ya tano na nusu, 93 ni sekunde ya saba na nusu. Kutoka sekunde ya tatu hadi ya saba na nusu, mtu aliye mbele ya gari hilo ametoka kwenye karibu-hakika-atapona na kuingia kwenye karibu-hakika-atakufa. Dereva katika muda huo amesikia injini ikinguruma vizuri, pengine ametabasamu.

Nimesema haya mbele ya watu na najua majibu yake, maana nimejibiwa yote.

La kwanza ni wivu. "Dada, wewe panda mwendokasi, magari tuachie." Sawa, napanda, na napenda kwamba neno mwendokasi linafanya kazi mbili mjini kwetu: ni jina la basi na ni jina la kosa. Lakini wivu hauondoi mita 220. Na ukisema barabara ni ya wenye magari kwa kuwa ndio wanaoilipia, nakukumbusha kwamba ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, na pengo likazibwa kwa kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa! Kibatari cha alfajiri nacho kilichangishwa.

La pili ni kwamba watembea kwa miguu hawana nidhamu, watumie vivuko vya juu. Penye kivuko cha juu, naam, kitumike. Manzese wana daraja lao na linasaidia. Ila anayemwambia mwenye ndoo ya kilo kumi kichwani atembee mpaka kwenye daraja, apande ngazi, ashuke, arudi alikokuwa anaelekea, mwenyewe hawezi kutoa mguu kwenye mafuta kwa sekunde nne. Nidhamu tunayoidai kwa miguu ya watu hatuidai kwa mguu wetu wa kulia.

La tatu nalipa heshima, na ni la kaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wangu, wewe huendeshi njia ya Chalinze." Na kweli siendeshi. Hoja yake ni hii: ukitoka mjini, baada ya Mlandizi, barabara ni njia moja kwenda na moja kurudi, imejaa malori ya kwenda Tunduma na mengine ya kwenda nchi za jirani. Huwezi kukaa nyuma ya lori mpaka Morogoro. Lazima uovateki, na ukiwa upande usio wako unataka kutoka huko haraka. Gari lenye pumzi linakaa upande wa hatari sekunde chache. Gari lisilo na pumzi linakwama pembeni ya lori, basi linatokea mbele, hapo unaomba dua zote unazozijua. Hilo ni la kweli na sitalizungusha. Kama kuna mahali nguvu za farasi 203 zinaokoa maisha, ni hapo.

Lakini niliwahi kukaa kiti cha mbele kwenye njia hiyo nikihesabu. Hakuwa kaka, alikuwa mtu mwingine, na gari lilikuwa na pumzi kuliko Mark X. Hakuitumia pumzi hiyo kumaliza kuovateki mapema. Aliitumia kuovateki mahali ambapo IST isingethubutu kujaribu. Pengo la sekunde sita ambalo mwenye gari dogo angeliacha, yeye aliliona linamtosha. Mwisho wa safari nafasi yake ya usalama ilikuwa nyembamba kama ya mwenye gari dogo, tofauti ni kwamba alikuwa ameovateki mara nyingi zaidi. Nguvu inatoa akiba, na binadamu akipewa akiba anaitumia. Na hata tukikubali hoja ya Chalinze yote, inahusu siku nne au tano kwa mwaka, Krismasi na Pasaka na msiba. Siku nyingine zote gari liko Kimara.

Inashangaza pia tunavyojua kumbana mwenye basi. Basi la mkoani limefungwa mfumo wa LATRA wa kufuatilia mwendo; likizidi kilomita 80 kwa saa kengele inalia ndani, abiria wote wanasikia, na rekodi inabaki. Dereva yule amesomea kazi hiyo na ana uzoefu wa miaka. Pembeni yake anapita kijana mwenye leseni ya miezi mitatu, kwenye gari ambalo linaweza kwenda kasi zaidi ya mara mbili ya basi hilo, na hakuna kinacholia isipokuwa muziki.

Waliotengeneza magari haya wenyewe waliwahi kuogopa. Mwaka 1988 vifo vya barabarani Japani vilipita 10,000, na mwaka uliofuata makampuni ya magari ya huko yakakubaliana yenyewe kwa yenyewe kwamba hakuna gari la kuuzwa nchini kwao litakalozidi nguvu za farasi 280. Makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004. Mwishoni mwa mwaka huo huo Mark X ilizinduliwa kurithi Mark II, na toleo lake la pili, la 2009, lilipopewa injini ya lita tatu na nusu, lilikuwa na farasi 318. Ukitazama dashibodi ya gari lililotoka Japani, mshale unaishia 180. Huko ndiko kampuni zilikofunga mwisho, katika nchi ambayo barabara zake kuu nyingi mwisho ni 100. Utengenezaji wa Mark X ulikoma Desemba 2019. Gari limekufa kwao. Kwetu ndiyo kwanza ujana wake unaanza, likiwa na umri wa miaka kumi na zaidi.

Na umri huo ndio unanirudisha kwenye kusimama. Kuchanganya ni kazi ya injini, na injini ya Toyota inavumilia mengi. Kusimama ni kazi ya tairi, breki na shokapu, vitu ambavyo ndivyo mmiliki wa mkopo huviwekea bajeti ya mwisho. Kwenye lami kavu, na tairi nzuri, dereva aliye macho akitumia sekunde moja kushtuka, gari la 50 linasimama baada ya mita 28 hivi. La 100 linasimama baada ya mita 84. Hiyo ni kwa tairi nzuri. Nenda kwenye sehemu yoyote ya kuoshea magari uinamie Mark X tano, usome tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, zile za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Utakuta tairi ambazo zilipotengenezwa mwenye gari alikuwa shule ya msingi. Mtumba, zimeletwa na kontena, zimepakwa rangi nyeusi zikang'aa. Masega ya ekzosi yametolewa ili gari lingurume, springi zimekatwa ili likae chini, taa zimebadilishwa. Fedha ya vyote hivyo ingetosha tairi nne mpya, lakini tairi mpya hazisikiki kutoka dirishani.

Ningeweza kuishia hapo na kusema Mark X zitachoka, tatizo litaisha. Haliishi. BYD Seal, gari la familia la milango minne kutoka China linalotumia umeme, toleo lake lenye mota mbili linafika 100 kwa sekunde 3.8, chini ya nusu ya muda wa Mark X, na halingurumi. Yule anayeliogopa gari lililosimama hatalisikia hata likiwashwa. Wachina wenyewe wameshtuka: mwishoni mwa 2025 Wizara ya Usalama wa Umma ya huko ilitoa rasimu ya kiwango inayotaka gari dogo kila linapowashwa lianze katika hali ambayo haliwezi kufika 100 chini ya sekunde tano, ukitaka zaidi ya hapo uchague mwenyewe, kila mara. Ni rasimu, na sekunde tano bado ni chache kuliko nane. Ila angalau mtu ameandika kwenye karatasi ya serikali kwamba kuchanganya ni jambo la umma.

Sisi tunalipia nini tukiingiza gari bandarini? Ushuru wa bidhaa unaangalia cc: zaidi ya 2,000 unalipa zaidi. Tunalipia pia uchakavu, kwa umri wa gari. Cc zilikuwa kipimo kizuri zamani, injini kubwa ilipokuwa ndiyo injini yenye nguvu. Leo injini ndogo yenye turbo inaipita kubwa isiyo nayo, na mota ya umeme haina cc hata moja, kwa hiyo gari linalochanganya kuliko yote yaliyowahi kupita Kimara linaweza kuingia kwa mlango wa cc likiwa limeandikwa sifuri. Nataka magari ya umeme yaje, moshi wa Ubungo nimeuvuta vya kutosha. Ninachodai ni kwamba forodhani pawe na mstari wa kilowati kwa kila tani ya gari, anayetaka sekunde nne azilipie, na fedha hiyo ijenge zebra zilizoinuliwa na taa za kuvukia kati ya Kimara na Kibaha.

Kaka nilimsomea aya ya mama yake kabla sijaituma. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mama nilishamwambia awe anasubiri magari yaishe." Nikamwambia, kaka, pale Temboni magari hayaishi. Akaniuliza zile tarakimu za tairi zinakaa upande gani. Bajeti husomwa Dodoma kila Juni, na sijawahi kumsikia mbunge wa Dar es Salaam akiuliza habari ya kilowati.